Kabla ya Kudarizi Jani, Uliza Kama Litafuliwa

Kazi ilikuja kwa picha kwenye simu. Mteja, mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, alitaka vitu viwili: mablanketi ya viraka kwa vitanda vyake, na pambo kubwa la ukutani la sebuleni. Vyote viwe na majani ya uzi. Hakuwa anazungumzia majani yaliyolala juu ya kitambaa kama darizi ya shingo ya kanzu. Alitaka jani linalosimama lenyewe, unalishika kwa vidole na kuligeuza huku na huku, kisha unalishonea katikati tu, pembeni libaki limeinuka. "Fundi, hii utaiweza?" Nikamwambia nitaiweza. Nilikuwa nimeshona sare za shule na magauni ya vitenge miaka mingi, kudarizi nilikujua kidogo, na ada ya mtoto ilikuwa mlangoni. Nikapokea kianzio siku hiyohiyo.

Ambacho sikumuuliza ni kama majani hayo yatafuliwa. Ya ukutani hayafuliwi, yanapanguswa vumbi tu. Ya blanketi la nyumba ya wageni yanafuliwa kila mgeni akiondoka, tena kwa mkono, tena na mtu anayekamua kwa nguvu zake zote na kutia jiki kwenye doa. Ni kazi mbili tofauti kabisa, na mimi nilizipa bei moja na njia moja. Karibu kila hela niliyopoteza ilipotelea hapo.

Kwa kuwa cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, niliona njia nyepesi ni kuwapelekea wenye mashine za kompyuta. Kariakoo wamejaa, wanadarizi nembo za shule, fulana za kampuni, kanzu na kofia. Kijana niliyemkuta zamu aliangalia picha, akaniambia, "Dada, hapa hatuhesabu jani, tunahesabu stichi." Na ana haki. Jani la ukubwa wa kiganja lililojazwa vizuri linaweza kula stichi 12,000. Mashine ikienda stichi 600 kwa dakika, hiyo ni dakika 20 za sindano tupu, bila kuhesabu uzi kukatika, kubadilisha rangi na kufunga fremu. Ukitaka majani 60 umemkalia mtu mashine yake kwa saa 20. Juu ya hapo kuna faili: mchoro lazima ugeuzwe kuwa maelekezo ambayo mashine inayaelewa, na hiyo kazi inalipiwa peke yake, hata kama utadarizi jani moja tu.

Kuhusu faili, mambo mawili yangenisaidia kama ningeyajua mapema. La kwanza, faili za aina ya DST ambazo mafundi wengi wanazitumia hazibebi rangi. Zinajua tu pa kusimama ili ubadilishe uzi. Kwa hiyo andika mpangilio wa rangi kwenye karatasi, na namba ya kila uzi, umkabidhi fundi pamoja na faili. Usimwachie akisie, jani langu la kwanza lilitoka na mshipa wa rangi ya chungwa katikati ya zambarau. La pili, usiombe jani kubwa lipunguzwe liwe dogo hivihivi. Kupunguza kidogo, tuseme asilimia 10, hakuna neno. Ukipunguza sana bila mishono kupangwa upya, ile idadi ileile ya stichi inabanana kwenye nafasi ndogo, jani linakuwa gumu kama gamba na sindano zinavunjika.

Majani ya oda yalitoka yamependeza kwa macho. Yalikuwa yamedariziwa juu ya ile karatasi inayoyeyuka kwenye maji, nyororo na nyeupe, na kila mshipa ulionekana. Nikalipa, nikarudi nayo nyumbani, nikajaza maji kwenye beseni na kutumbukiza la kwanza. Karatasi ikaanza kuteleza, ikawa ute. Halafu ukingo wa jani ukaachana na katikati. Mshipa mkubwa ukaelea peke yake. Ile mishono mipana ya satini iliyokuwa inang'aa ikalegea, ikawa nyuzi ndefu zinazozunguka majini. Nikatumbukiza la pili nikidhani lile lilikuwa na kasoro. Nalo likafanya vilevile. Nililia, sina haja ya kuficha, maana kianzio chote cha mteja kilikuwa ndani ya lile beseni na kwenye mfuko uliobaki.

Nilirudi Kariakoo kugombana nikakuta sina kesi. Faili tuliyoinunua ilikuwa ya kudarizi juu ya kitambaa. Kwenye kitambaa, mshono unashikwa na kitambaa. Ukingo na katikati si lazima vigusane. Ukiondoa kitambaa, kinachobaki ni uzi kushika uzi. Kwa hiyo jani la kusimama lenyewe linajengwa kuanzia ndani. Kwanza unatandika wavu wa mishono midogo inayokatizana, wavu unaofika mpaka ukingoni na hata kuuvuka kidogo. Kisha unajaza rangi juu ya wavu. Mwisho unaweka ukingo unaouma ule wavu pande zote. Mahali popote ambapo mshono haukatizwi na mwenzake, maji yataufungua. Ukinunua faili, uliza wazi kama imetengenezwa isimame bila kitambaa, na kabla ya kulipia oda nzima lipia jani moja, lioshe wewe mwenyewe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazo hili ni la kale. Mashine kubwa za darizi za Uswisi alizozibuni Isaak Gröbli mwaka 1863 zilirahisisha kudarizi kitambaa kipana kwa mkupuo, na kufikia miaka ya 1880 watengenezaji wa St. Gallen, Uswisi, na Saxony, Ujerumani, walikuwa wanadarizi kwa uzi wa pamba juu ya hariri, kisha wanaiyeyusha hariri kwa kemikali kali na kubaki na lesi tupu. Zile lesi nzito zisizo na neti nyuma, tunazoshonea magauni ya harusi, zinatokana na ujanja huohuo. Sisi tuna bahati, yetu inayeyuka kwa maji ya bomba.

Sasa hiyo karatasi. Imetengenezwa kwa polivinili alkoholi, na ziko aina mbili. Moja inaonekana wazi kama nailoni nyembamba, nyingine ni nyeupe, inafanana na kitambaa laini. Kwa majani ya kusimama chukua ile inayofanana na kitambaa, tena iwe mikunjo miwili. Ile ya wazi sindano ikiipiga karibukaribu inachanika kwenye mstari wa matundu, na jani linadondoka kutoka kwenye fremu kabla hujamaliza. Dukani usikubali maneno matupu. Kata kipembe, kilowanishe kwa ulimi au kidole: kikiyeyuka ndicho, kisipoyeyuka umeuziwa kitu cha kuimarisha kola.

Pwani karatasi hii ina adui mwingine, unyevu wa hewa. Msimu wa masika niliacha kipande mezani usiku mmoja, asubuhi kilikuwa kimelegea na kunata. Ukikidarizi hivyo, jani linatoka limejikunja pembeni kwa sababu fremu haikukaza sawasawa. Hifadhi kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, toa unachohitaji tu, funga kwenye fremu dakika unapoanza kushona. Kama viganja vyako vinatoka jasho, weka kitambaa kikavu karibu, maana kidole chenye jasho kinatoboa.

Hela ya kurudi kwenye mashine za kompyuta sikuwa nayo tena, ndiyo maana niligeukia cherehani yangu. Kuna mzee Ilala anayedarizi kanzu kwa cherehani nyeusi ya Butterfly, kama yangu. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha jani lililobaki. Akalitazama, akacheka kidogo. "Mwanangu, hili limevaa bila mifupa. Kalete cherehani yako uone kama haiwezi." Sikuibeba, ila nilikaa kwake mchana kutwa nikitazama mikono yake.

Kinachofanyika ni kwamba unainyang'anya cherehani kazi ya kusukuma kitambaa. Mashine nyingine zina namna ya kushusha meno. Kama yako haina, rudisha urefu wa mshono mpaka sifuri, meno yatapanda na kushuka bila kupeleka kitu popote. Ondoa mguu unaokandamiza kitambaa. Karatasi unaikaza kwenye fremu ya duara, zile pete mbili, lakini kinyume na kudarizi kwa mkono: upande ulio bapa ulale chini juu ya bamba la cherehani. Pete ya ndani niliizungushia utepe wa pamba ili karatasi isiteleze. Unaingiza fremu chini ya sindano, unazungusha gurudumu kwa mkono mara moja, unauvuta uzi wa bobini uje juu, unaishika ncha ya nyuzi zote mbili, ndipo unaanza kukanyaga.

Hapa kuna jambo ambalo mzee alinikemea nalo hata kabla sijaharibu. Ukishaondoa mguu wa cherehani, ule mkono wa kuushushia bado unatakiwa ushushwe. Huo mkono ndio unaofunga visahani vinavyokaza uzi wa juu. Ukiusahau juu, uzi unapita huru, na chini ya karatasi linajijenga fundo kubwa linalomeza sindano. Kwa anayeona hakuna mguu pale, ni rahisi kudhani hakuna cha kushusha.

Uzi wa juu ulegeze kidogo kuliko wa kushonea nguo. Kwenye bobini weka rangi ileile ya juu, kwa sababu jani hili lina pande mbili na zote zitaonekana. Sindano namba 11 inatosha kwa uzi mwembamba wa darizi. Ukitumia uzi wa pamba ulio mnene panda mpaka namba 14. Vidole vikae kwenye ukingo wa fremu, visisogee katikati hata kidogo. Hakuna mguu wa kukukinga, na sindano haichagui.

Jani nililoanza nalo ni la mkungu. Majani yake yanageuka mekundu kabla ya kudondoka, na chini ya mti unapata rangi zote kwa wakati mmoja. Niliokota moja lenye wekundu pembeni na kijani kilichobaki karibu na mshipa, nikalichora kwa kalamu juu ya karatasi. Nikapita ukingo mara mbili kwa mishono mifupi. Nikashuka mshipa wa katikati kutoka ncha hadi kikonyo, nikapanda nao tena, kila mshipa mdogo nikiufuata hadi ukingoni na kurudi. Halafu wavu: miduara midogo inayopishana, mfululizo, jani zima. Kwa jicho ni fujo tupu na utajaribiwa kuiruka hatua hii, hasa mguu ukishachoka. Hapo ndipo jani linaposhikwa. Baada ya wavu ndipo nikaweka nyekundu, nikiivuta kutoka pembeni kuja ndani kwa mistari isiyolingana, kisha chungwa kidogo, kisha kijani kando ya mshipa. Sikujaza kila tundu. Vitundu vilivyobaki vinapitisha mwanga na kupunguza uzi, na jani linaonekana jani.

Mwendo wa mkono na mwendo wa miguu ndio unaoamua urefu wa mshono. Miguu ikienda haraka na mkono polepole, mishono inarundikana na karatasi inachanika. Mkono ukikimbia na miguu imelala, mishono inakuwa mirefu na inanasa kila kitu. Nilizoea baada ya kuharibu karatasi nyingi, na ushauri wangu ni ufanyie mazoezi kwenye kitambaa cha mabaki kilichokazwa vizuri, maana ni cha bure na karatasi siyo. Anza na jani pana: mkungu, mwembe, mkorosho. Majani machanga ya mwembe yana ile rangi ya shaba inayopendeza sana kwa uzi unaong'aa. Kisamvu kiache kwanza. Vile vidole vyake vyembamba vinajisokota vikikauka, na penye kuungana kikonyo panabeba uzito mkubwa kwa mishono michache.

Kuosha ndipo lile swali la mwanzo linapokaa. Kwa pambo la ukutani sikuisafisha karatasi yote. Nilitumbukiza jani kwenye maji ya baridi kwa muda mfupi, nikalikandamiza kwenye taulo, nikalilaza juu ya chupa au mgongo wa upawa hadi likauke kivulini. Ute uliobaki unakauka kama wanga na kulishikilia jani katika umbo ulilolipa. Kwa blanketi, fanya kinyume: maji ya uvuguvugu, ubadilishe mpaka ukisugua jani kati ya vidole usisikie utelezi wowote. Jani litakuwa laini. Usipolisafisha kabisa, utelezi huo utatoka siku ya kwanza ya kufua, na mteja ataona jani limelegea akadhani umemdanganya.

Na ndivyo ilivyotokea. Blanketi la kwanza nililipeleka na majani yenye wanga, yameshonwa mshipa wa katikati tu, yameinuka vizuri. Lilipofuliwa na kukamuliwa, ncha zilijisokota na mawili yakanasa kwenye msumari wa kuanikia. Mama wa Bagamoyo alinipigia akiwa mpole, na upole wake uliniuma kuliko angefoka. Nikalirudisha, nikayafumua majani yote, nikayaosha upya na kuyashona kwa gharama yangu. Safari hii mshipa wa katikati, halafu mstari mwingine ndani kidogo ya ukingo, jani zima likalala bapa. Kwenye blanketi la viraka hilo lina faida yake: ukishonea mishipa kupitia kitambaa cha juu, tabaka la pamba na kitambaa cha chini kwa pamoja, mshono wa jani ndio huohuo unaoshikanisha matabaka. Majani ya kuinuka niliyaachia ukuta.

Uzi nao nilibadilisha. Uzi wa reyoni unang'aa kuliko wote na bei yake inavutia, lakini ukilowa unapungua nguvu, na jiki inauumiza. Kwa kitu cha kufuliwa tumia poliesta. Vitenge na kanga nyekundu zifue peke yake mpaka maji yatoke meupe kabla hujakata kiraka, la sivyo jani lako la kijani litakuwa na doa la waridi.

Pambo la ukutani lilinisumbua kwa namna nyingine. Lilikuwa turubai iliyopakwa rangi, imebandikwa vipande vya kanga kuukuu na gazeti kwa gundi nyeupe, na majani juu yake. Gundi nyeupe ina maji, na maji yanaliamsha lile wanga ndani ya jani. Jani nililolibandika lililegea palepale na kuacha alama ya kung'aa kwenye rangi. Baada ya hapo nilimaliza rangi na gundi zote kwanza, nikaacha vikauke kabisa, kisha nikayashona majani kwa sindano ya mkono kupitia turubai, mishono michache tu kwenye mshipa. Kama lazima ubandike, safisha jani lote mpaka wanga iishe, halafu ulipake gundi iliyozimuliwa ndiyo ilipe ugumu.

Kwa majani ya kujazia nyuma nilitumia oganza, kile kitambaa chembamba kinachopitisha mwanga, na hayo hayana mateso. Weka mikunjo miwili, shona mishipa na ukingo kwa uzi wa pamba, kisha kata kwa pasi ya kuchomelea ya mafundi redio juu ya kigae. Oganza ya poliesta inayeyuka na kujifunga ukingo isifumuke, na uzi wa pamba hauyeyuki, kwa hiyo unaizuia ncha ya moto isiingie ndani ya jani. Choma kipande kwanza: kikijikunja na kuacha kishanga kigumu, ni poliesta, kikinuka kama karatasi na kuacha jivu, ni pamba, mbinu hii haifai. Fungua madirisha. Moshi wake si wa kuvuta.

Kwa hesabu za mwisho nilitoka na hasara kwenye oda ile, na ada nikaikopa kwenye kikoba. Nilikuwa nimepanga bei ya jani kama mtu anayepanga bei ya kifungo. Jani la kiganja kwa cherehani ya kukanyaga linanichukua karibu saa nzima, na linakula uzi mara mbili, wa juu na wa bobini. Siku hizi nina bei mbili, ya kufuliwa na ya kutofuliwa, na ya kufuliwa iko juu. Kianzio kinalipia uzi na karatasi yote kabla sijakanyaga. Mteja akitaka majani mia yanayofanana, namwelekeza kwa wenye kompyuta na kumwambia aulize nini kuhusu faili. Anayetaka kila jani liwe na sura yake anabaki kwangu.

Kazi moja nimeikataa mpaka leo, nayo ni mablanketi ya watoto wachanga. Jani likifuliwa sana linatoa vitanzi vya uzi pembeni, na kidole cha mtoto kinaweza kujizungushia humo usijue mpaka alie. Mama akisisitiza, namdarizia jani moja kwa moja kwenye kitambaa, bapa, kwa mishono mifupi, na nyuma naweka kitambaa kingine cha kufunika nyuzi.